Likizo ya Siku Kumi

Novemba 1885 majeshi ya Waingereza yaliupanda mto Irrawaddy kwa meli hadi Mandalay, mji mkuu wa Burma, na mfalme Thibaw akasalimu amri. Vita havikufika hata wiki tatu. Mfalme na malkia wake Supayalat walipelekwa bandarini kwa gari la kukokotwa na ng'ombe huku raia wakilia kandokando ya njia, kisha wakasafirishwa hadi Ratnagiri, pwani ya magharibi ya India. Huko Thibaw alikaa miaka thelathini bila kuiona tena nchi yake, akafa 1916. Tarehe 1 Januari 1886 Burma ilitangazwa kuwa mali ya Uingereza, ikaunganishwa na India kama mkoa wake mmoja.

Kwa Waburma, hasara hiyo ilizidi siasa. Mfalme ndiye aliyewalisha watawa, akagharimia mitihani yao na kumteua mkuu wao. Baba yake Thibaw, mfalme Mindon, alikuwa ameagiza maandiko yote matakatifu ya Wabudha yachongwe kwenye mabamba 729 ya marumaru, kila bamba likajengewa kibanda chake cheupe chini ya kilima cha Mandalay. Yapo hadi leo. Watu walishika pia imani ya tangu kale kwamba mafundisho ya Buddha hayatadumu milele: watatoweka kwanza waliofikia ukombozi, kisha itatoweka nidhamu, mwishowe hata maandiko yasisomeke na mtu. Kwa hiyo maofisa wa kigeni walipoyageuza majumba ya mfalme kuwa klabu yao ya vinywaji, wengi waliona ule mwisho umeshaanza.

Wakati huo kwenye msitu uitwao Ledi, nje kidogo ya mji wa Monywa kando ya mto Chindwin, kulikuwa na mtawa wa umri wa miaka arobaini hivi. Alizaliwa kijijini mwaka 1846, akasoma Mandalay enzi za Mindon, na baadaye akajulikana kwa jina la msitu ule: Ledi Sayadaw. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema, nzito kuitekeleza. Kama mfalme hayupo tena wa kuilinda dini, basi dini itunzwe na kila mtu: mkulima, mchuuzi, mama wa sokoni. Na si kwa kutoa sadaka tu. Waisome, tena waanze na sehemu ngumu kuliko zote, ile inayochambua akili na mwili vipande kwa vipande, ambayo hata watawa wengi waliikwepa.

Akaandika kwa Kiburma cha kueleweka, vitabu vidogo vya bei nafuu. Akazunguka nchi nzima kwa garimoshi na meli za mtoni akihutubia umati na kuacha nyuma vikundi vya kujisomea. Mitambo ya kuchapa, reli na meli hizo zilikuja au zilienea pamoja na watawala, na yeye alizitumia vizuri kuliko wao. Mwaka 1911 serikali hiyohiyo ya kikoloni ilimtunuku cheo cha juu cha usomi wa dini.

Lakini jambo lililobadilisha mambo ni jingine. Siku hizi tunadhani kwamba Wabudha tangu enzi na enzi wamekuwa wakikaa chini, macho yamefumbwa, miguu imekunjwa. Sivyo. Kabla ya karne ya 20, Mbudha wa kawaida wa Burma hakutafakari, na watawa wengi pia hawakutafakari. Kazi ya mtawa ilikuwa kusoma, kukariri, kufundisha watoto na kupokea chakula asubuhi ili mtoaji apate thawabu. Kutafakari kuliachiwa wachache waliojitenga msituni, na wengi waliamini kwamba zama za watu kupata ukombozi zimeshapita. Ledi akasema hapana: mtu anaweza kuanza leo, nyumbani kwake, kwa kuangalia pumzi yake, bila kungoja kwanza afikie hali za juu za utulivu ambazo huchukua miaka.

Wanaopenda kuuona Ubudha kama dini ya upole isiyogusana na siasa wasipite haraka hapa. Mtawa huyuhuyu, mara baada ya mfalme kuondolewa, alisambaza waraka wa kuwahimiza Waburma waache kula nyama ya ng'ombe, desturi iliyoenea pamoja na wageni. Miaka yake ya mwisho alishiriki pia ugomvi mkubwa wa viatu, Wazungu walipokuwa wakikanyaga sakafu za pagoda bila kuvua, na Waburma wakaona wanadharauliwa ndani ya nyumba zao. Kutafakari kwa watu wa kawaida na utaifa wa Burma vilizaliwa tumbo moja, na mama yao ni hofu ya kupokonywa.

Ledi alifariki 1923, akiwa ameshapofuka. Mafundisho yake yalikuwa yamepokewa na watu wa aina nyingi, mmoja wao mkulima.

Huyo alikuwa Po Thet, mzaliwa wa Pyawbwegyi, kijiji cha mashamba ya mpunga kusini mwa Rangoon, ng'ambo ya mto. Aliendesha mkokoteni wa ng'ombe, kisha akawa mhesabu magunia kwenye kinu cha mpunga. Mwaka 1903 kipindupindu kiliingia na kuua watu wa nyumbani kwake, wakiwemo watoto wake wawili. Akaaga mke na jamaa, akaenda kutafuta mwalimu, na baada ya kuzunguka sana akafika kwa Ledi. Aliporudi kijijini hakuvaa joho la mtawa. Akabaki mkulima, akajenga ukumbi, na mnamo 1914 akaanza kufundisha majirani. Watu wakamwita Saya Thetgyi. Mlei kumfundisha mlei mwenzake, bila mtawa mbele yao, lilikuwa jambo geni, na wapo walionung'unika.

Sasa tumfikie karani mmoja.

U Ba Khin alizaliwa Rangoon mwaka 1899. Alikuwa mwanafunzi hodari asiye na fedha ya kuendelea na masomo, akaajiriwa kwa muda mfupi gazetini, kisha mwaka 1917 akaingia ofisi ya Mhasibu Mkuu kama karani wa ngazi ya chini. Ofisi hiyo ilijaa Wahindi na Waingereza, Waburma walihesabika. Alijisomea usiku, akafaulu mtihani wa uhasibu wa serikali mwaka 1926, akapanda ngazi taratibu. Mwaka 1937 ulipoanza, mwaka ambao Burma ilitenganishwa na India, mwanafunzi mmoja wa Saya Thetgyi alimtembelea na kumweleza namna ya kuangalia pumzi. Akajaribu palepale. Akili yake ikatulia kuliko alivyotarajia, naye akaomba likizo ya siku kumi.

Wiki moja tu baadaye alikuwa njiani. Pyawbwegyi si mbali na Rangoon, kama maili nane, lakini zilikuwa maili nane za matope. Maji ya mto yalikuwa yamekupwa, mtumbwi wa kukodi ukamfikisha nusu ya njia tu, ukagoma. Ofisa wa uhasibu akateremka, akapanda ukingo wa mto huku akizama hadi magotini, akakata mashamba kwa miguu. Alifika kwa mkulima yule miguu imegandamana na tope. Usiku uleule akapewa somo la kwanza.

Mimi huiona safari hiyo kuwa na uzito kuliko mahubiri mengi, na si kwa sababu ya tope. Ni kwa sababu ya likizo. Kabla yake, aliyetaka kutafakari kwa dhati aliacha kazi, mke na nyumba. Huyu aliomba ruhusa kazini, akarudi ruhusa ilipokwisha, akakaa kwenye meza yake na majalada yake. Kozi ya siku kumi ambayo leo inafanyika duniani kote imekatwa kwa kipimo cha mtu mwenye mwajiri.

Mwaka 1941 U Ba Khin alikuwa ofisa wa hesabu wa reli, akisafiri ndani ya behewa lake la kazi kukagua vituo. Wanafunzi wake husimulia kwamba safari ilikatizwa Kyaukse, kusini mwa Mandalay. Akaona kilima chenye pagoda, akaambiwa karibu na hapo anaishi mtawa mmoja mwenye sifa kubwa, Webu Sayadaw, asiyependa kuonana na watu wakati wa kutafakari. Akaenda hivyohivyo, akapiga magoti mbele ya kibanda, na mlango ukafunguka. Walizungumza, kisha mtawa akamwambia yeye, mlei mwenye suruali ya ofisi, aanze kufundisha bila kuchelewa. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa msaidizi wa mkuu wa stesheni, na darasa lilikuwa behewa lilelile, mezani pa chakula.

Mwaka uliofuata Wajapani wakaiteka Burma. Wasomaji wenye babu waliokuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wanaijua sehemu inayofuata, maana ilisimuliwa vibarazani kwetu kwa miaka: masika, matope, malaria. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw na kuingia Kalewa, kwenye ukingo wa Chindwin, Desemba 1944. Ukifuata mto huohuo kuelekea kusini unafika Monywa, mji wa Ledi. Sijaona kumbukumbu ya askari wetu aliyejifunza kutafakari huko, na kwa hali waliyokuwa nayo hakuna wa kuwalaumu.

Burma ilipata uhuru tarehe 4 Januari 1948, na U Ba Khin akawa Mhasibu Mkuu wa serikali mpya. Nchi iliwaka moto: waasi wa kikomunisti, waasi wa Karen, hazina tupu. Waziri mkuu U Nu aliona dini ndiyo gundi pekee iliyobaki. Akamwalika Rangoon mtawa Mahasi Sayadaw, aliyeanza kufundisha mwaka 1949 katika kituo kilichojengwa kwa fedha za matajiri walei, na mbinu yake ikaenea kwa msaada wa serikali hadi Thailand na Ceylon. Kati ya 1954 na 1956 U Nu aliandaa baraza kuu la sita la Wabudha, ndani ya pango lililojengwa kwa saruji mahsusi kwa mkutano huo, kuadhimisha miaka 2,500 ya Buddha. Hapo hofu ya Ledi ilikuwa imegeuka sera ya serikali.

Mhasibu Mkuu alifuata njia ya kimya zaidi. Mwaka 1950 aliunda chama cha kutafakari cha ofisi yake, na wanachama wengi wakawa makarani wake. Mwaka 1952 akafungua kituo karibu na pagoda kuu ya Shwedagon: chumba cha kati, na vijumba vidogo vya giza vikikizunguka, kila kimoja cha kutosha mtu mmoja kukaa. Alifundisha asubuhi na mapema, akaenda ofisini, akarudi jioni kufundisha tena. Kuna vipindi alishika vyeo viwili au vitatu serikalini kwa wakati mmoja. Wageni waliomfuata, wanadiplomasia na wasomi wa Ulaya na Marekani, aliwafundisha kwa Kiingereza chake kizuri cha ofisini, akiwaeleza kwa lugha ya vipimo na matokeo: jaribu, angalia, toa hesabu.

Mafundisho yenyewe hayana fumbo. Siku tatu na ushee mtu anaangalia pumzi inavyoingia na kutoka, macho ya akili yakiwa kwenye tundu za pua na sehemu ndogo juu ya mdomo. Akili ikikimbilia deni, mke, au maneno ya bosi, anairudisha bila kuikaripia. Halafu anahamia mwilini, kutoka utosini hadi kidole cha mguu, akitazama kila kinachohisika: joto, ganzi, mwasho, maumivu ya goti. Hakuni. Hasogei. Anatazama mwasho unavyokuja, unavyozidi na unavyokwisha wenyewe. Buddha alifundisha kwamba kila kitu kinapita na kwamba kuking'ang'ania ndiyo asili ya mateso. Hapa mwanafunzi anatakiwa alione hilo gotini mwake, si kitabuni.

Mwaka 1955 alibisha hodi mfanyabiashara mmoja. Satya Narayan Goenka alizaliwa Mandalay mwaka 1924 katika ukoo wa Kihindu wa Wamarwari, na akiwa na miaka thelathini na moja alikuwa tajiri, kiongozi wa jumuiya yake, na mgonjwa wa kipandauso. Kilipomshika, madaktari hawakuwa na dawa ila mofini. Alishatembea Uswisi, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani akitafuta tiba, akarudi na kichwa kilekile pamoja na hofu ya kuwa mtumwa wa sindano. Rafiki yake, jaji, akamwelekeza kwa Mhasibu Mkuu.

U Ba Khin alimkatalia. Alimwambia kwamba njia hii ni ya kuondoa mateso yote ya maisha, na kuitumia kutibu kichwa ni kuishusha thamani. Aje akitaka kusafisha akili. Kichwa kikipona, kipone kama faida ya pembeni. Goenka alirudi nyumbani, akasitasita kwa miezi kadhaa maana aliogopa pia kuonekana ameasi dini ya wazazi, kisha akaja kwa masharti hayo. Kichwa kilipona. Akabaki mwanafunzi miaka kumi na minne.

Machi 1962 jenerali Ne Win akapindua serikali. Viwanda na maduka yakataifishwa, na Wahindi kwa mamia ya maelfu wakafukuzwa au wakaondoka wenyewe mikono mitupu. Wasomaji wa Kampala wanaokumbuka kufukuzwa kwa Wahindi 1972 hawahitaji kuchorewa picha. Goenka alipoteza karibu kila kitu. Mwaka 1969 alipata pasipoti kwenda India kumwona mama yake mgonjwa, ambaye alikuwa ameshahamia huko, na mwalimu wake akampa idhini ya kufundisha. U Ba Khin mwenyewe alitamani sana kwenda. Alihesabu kama deni kurudisha India kile ambacho Burma ilikopeshwa na India zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Serikali haikumwachia. Alifariki Januari 1971, bila kuvuka mpaka.

Kozi ya kwanza ya Goenka ilianza Bombay mwezi Julai 1969, watu kumi na wanne, wazazi wake wakiwemo. Burma hakuweza kurudi, ikawa anahama mji hadi mji kwa treni za daraja la tatu. Wakati huohuo vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimiminika India kwa barabara, kupitia Uturuki, Iran na Afghanistan, nywele ndefu na pesa chache. Huko Bodh Gaya, mahali Buddha alipopata nuru, baadhi yao walikaa chini kwa Goenka kwa siku kumi, kisha kumi tena. Alichowapa kiliwafaa: hakuwataka wabadili dini, hakuwatoza ada, wala hakuwataka wamwabudu. Kituo chake kikubwa cha Igatpuri, kwenye milima juu ya Bombay, kilifunguliwa mwaka 1976. Ratiba yake sasa inafuatwa vilevile mabara yote: kengele saa kumi alfajiri, takribani saa kumi za kutafakari kwa siku, kimya hadi siku ya mwisho, na kila mmoja anakula kwa sadaka ya aliyemtangulia.

Miongoni mwa waliopita Bodh Gaya walikuwa Wamarekani Joseph Goldstein na Sharon Salzberg. Wao pamoja na Jack Kornfield, aliyekuwa mtawa Thailand, walinunua nyumba ya zamani ya watawa wa Kikatoliki huko Barre, Massachusetts, wakaifungua kuwa kituo mwaka 1976. Mwaka 1979 alikuja hapo kutafakari mtaalamu wa biolojia ya molekuli, Jon Kabat-Zinn, akatoka na wazo: hospitali imejaa watu wenye maumivu sugu ambao madaktari hawana la kuwafanyia. Kwa nini wasifundishwe hili?

Mwaka huohuo akaanzisha kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Wiki nane, darasa moja kwa wiki, mazoezi ya dakika arobaini na tano nyumbani kila siku. Hakuna Buddha, hakuna kiapo cha kutoiba wala kutodanganya, hakuna uvumba. Somo la mwanzo ni zabibu kavu moja: unaipokea kiganjani, unatazama mikunjo yake, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, halafu unatafuna polepole hadi iishe. Mgonjwa aliyezoea kula mbele ya televisheni hushtuka kugundua kwamba hajawahi kuonja zabibu.

Wapo Wabudha wanaomwita Kabat-Zinn mwizi, kwamba alichukua mbinu akaacha maadili. Mimi naona lawama hiyo inachelewa kwa karibu miaka mia. Aliyeanza kupunguza ni Ledi, alipoondoa msitu. Saya Thetgyi akaondoa joho, U Ba Khin akaondoa kuacha kazi, Goenka akaondoa jina la dini. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na watu wengi zaidi wakaingia mlangoni. Kabat-Zinn aliondoa tu sharti ambalo Mhasibu Mkuu alilishikilia: kwamba kichwa peke yake si sababu ya kutosha.

Baada ya hapo kasi iliongezeka. Gereza la Tihar, Delhi, chini ya mkuu wake Kiran Bedi, lilifanya kozi mwezi Aprili 1994 kwa wafungwa zaidi ya 1,000 kwa pamoja, ndani ya mahema. Mwaka 2004 taasisi inayoelekeza tiba Uingereza ilipendekeza aina ya mafunzo hayo kwa wagonjwa wanaorudiwa na sonona. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walipata kozi yao. Miaka ya 2010 ikaja na programu za simu: dakika kumi, sauti tamu, malipo kwa mwezi. Mwajiri ambaye U Ba Khin alimwomba ruhusa sasa ndiye anayegawa mazoezi hayo, ili mtu arudi mezani akiwa na tija.

Kisha ikafika zamu ya watoto wa shule. Watafiti wa Uingereza walifuatilia shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wa kati ya miaka kumi na moja na kumi na nne, nusu ya shule zikifundisha kutafakari na nusu zikiendelea na masomo ya kawaida ya malezi. Matokeo yalitoka Julai 2022. Kwa afya ya akili ya watoto, mafunzo yale hayakuonyesha kuwa bora kuliko masomo ya kawaida. Watafiti walipowauliza watoto kuhusu mazoezi ya nyumbani, wengi wao walikuwa hawayafanyi. Waliwekwa darasani kwa sababu kipindi kilikuwa kwenye ratiba. Hakuna aliyekuwa ameomba.